Baiskeli ya mwanafunzi: Tazama breki kwanza, gia baadaye

ASIYESIKIA la mkuu huvunjika guu, walinena wahenga. Mimi sikuvunjika guu. Nilivunjika mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua, alasiri moja ya mwezi wa Aprili nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Mkuu ambaye sikumsikia alikuwa marehemu baba yangu, aliyenikabidhi baiskeli yake na kunionya nisiteremke nayo mlimani mvua ikinyesha. Niliyachukua maneno yake kuwa ya wazee tu.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu juma lililopita mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeolewa Ndanai, alinipigia simu. Amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kabianga na amekodi chumba nje ya chuo.

"Mama," akaniambia, "nataka baiskeli."

Msomaji asishangae. Sisi Wakipsigis humwita mjomba "mama", jambo ambalo limewachekesha sana majirani zangu hapa Nairobi kila wageni wa nyumbani wanaponitembelea. Binti huyo amechoka kupiga hesabu ya nauli ya bodaboda asubuhi na jioni. Aidha, angependa kusafiri na baiskeli hiyo juu ya matatu wakati wa likizo ili aitumie Ndanai kwenda sokoni na kanisani. Alikuwa tayari ameiona moja, ya mitumba, rangi nyekundu, gia ishirini na moja. Hizo gia alizitaja mara tatu.

Nikamuuliza, "Na breki zake?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema hajui, lakini ziko.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Wanunuzi wengi wa baiskeli, hasa vijana wanaojiunga na vyuo, huufikiria mlima wa kupanda. Huuliza kama baiskeli ni nyepesi na kama ina gia za kutosha. Ni maswali mazuri, lakini mlima wa kupanda haujamuua mtu yeyote ninayemjua. Ukikushinda, unashuka, unaishika baiskeli usukani na kuisukuma, na mwili wako unapata mazoezi yale yale. Mlima wa kuteremka haukupi nafasi ya kushuka. Kwa hivyo anayenunua baiskeli katika nchi ya vilima na mvua anapaswa kuichagua kwa ajili ya mteremko.

Ndanai iko pembeni mwa nchi ya chai, upande wa kuelekea Trans Mara, mahali ambapo majani chai huanza kuyapisha mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ukitoka huko kwenda Kericho unapitia Sotik, Kaplong na Litein, na njia nzima ni kupanda na kuteremka. Kila bonde lina kijito na kila kijito kina daraja jembamba chini ya miteremko miwili. Ukiiacha lami, unakanyaga changarawe, na ukiiacha changarawe unakanyaga udongo mwekundu ambao ukilowa hunata kwenye gurudumu kama unga wa ngano.

Mvua yenyewe haina siri. Asubuhi huwa na jua zuri. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda milima kadiri siku inavyozidi kupata joto, na alasiri mvua huja, mara nyingi ikiwa na mawe. Mvua ya mawe ya Kericho imewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu, hata katika miaka ya 1960 na 1970 ndege zilirushwa kuyapiga mawingu dawa ili chai isiharibiwe. Sasa fikiria ratiba ya mwanafunzi. Huenda darasani asubuhi barabara ikiwa kavu, na hurudi alasiri barabara ikiwa imelowa. Baiskeli aliyoijaribu sokoni saa nne za asubuhi si ile atakayoteremka nayo saa kumi.

Baiskeli ya baba yangu ilikuwa ile ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba. Sina nia ya kuitukana. Umbo lake lilitoka Uingereza, likafuatwa na viwanda vya India na China, na imebeba maziwa, maji, magunia ya mahindi, wagonjwa na hata majeneza katika nchi hii. Fremu yake ni ndefu na imara, na hakuna kituo kidogo cha biashara ambacho hukosi fundi anayeijua. Katika nchi tambarare kama Busia, Ahero au Kisumu, bado ningemshauri mtu kuinunua. Ni huko kwenye mpaka wa Busia ambako biashara ya bodaboda ilianza katika miaka ya 1960, kwa baiskeli za aina hiyo hiyo, wala si kwa pikipiki.

Taabu yake ni breki. Hazina waya. Ni vyuma virefu vinavyoanzia kwenye usukani na kuvuta raba mbili juu hadi zikagusa rimu upande wa ndani. Rimu yenyewe ni ya chuma kilichopakwa kromu, inang'aa kama kioo. Ikiwa kavu, raba hushika. Ikilowa, raba huteleza juu ya maji, na gurudumu linaweza kuzunguka mara kadhaa kabla maji hayajapanguswa na raba kuanza kushika. Katika barabara ya tambarare mizunguko hiyo si kitu. Katika mteremko, kila mzunguko unakuongezea mwendo, na mwendo una hesabu yake isiyo na huruma: ukienda kasi maradufu, umbali unaouhitaji ili kusimama huongezeka mara nne.

Hivyo ndivyo ilivyonipata. Mvua ilikuwa imepungua nikadhani imekwisha. Nilikuwa na vitabu kwenye keria na debe dogo la mafuta ya taa niliyotumwa. Nilipobana breki katikati ya mteremko sikusikia chochote, hata ule mlio wa kawaida wa raba kusugua. Nilibana tena kwa nguvu zangu zote. Nakumbuka niliuona ukingo wa daraja na mama mmoja aliyebeba kuni akiruka kando. Nilichagua mtaro kuliko daraja, na mpaka leo sijutii uchaguzi huo. Nililala majuma sita mkono ukiwa umefungwa kifuani, nikakosa mazoezi ya kufundisha ya muhula huo. Bega hilo hunijulisha mvua ikikaribia kabla ya redio.

Je, mwanafunzi anunue baiskeli ipi?

Kuna breki za aina tatu ambazo naweza kuzisemea. Ya kwanza ni ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambacho mafundi hukiita habu, kwa hiyo mvua na matope haviifikii. Waholanzi, ambao nchi yao ina mvua lakini haina vilima, wameitumia kwa miaka mingi. Baiskeli za Buffalo zinazosambazwa na shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka wa 2005, zina breki ya aina hiyo pamoja na keria iliyoundwa kubeba kilo 100, nazo zimewafaa wanafunzi na wakulima wengi katika nchi yetu. Hata hivyo, katika mteremko mrefu habu hupata moto, na mnyororo ukikatika au kuchomoka breki nayo imekwenda. Ukichagua baiskeli ya namna hii katika nchi ya vilima, mwambie fundi akutilie na breki ya mkono kwenye gurudumu la mbele.

Ya pili ni ile ya waya yenye mikono miwili mirefu inayoibana rimu kutoka kushoto na kulia. Hii, ikiwa juu ya rimu ya alumini, ndiyo ninayoipendekeza. Alumini ikilowa hupunguza nguvu ya breki, lakini si kwa kiasi cha kutisha kama chuma. Waya na raba zake hupatikana kila soko, na mwanafunzi mwenyewe anaweza kujifunza kuzikaza kwa spana moja. Ya tatu ni ya sahani, inayofanana na ile ya pikipiki. Hii haijali rimu ikijaa matope, lakini zile za bei rahisi hulegea upesi, na kabla ya kuinunua muulize fundi wako wa karibu kama ana vipuri vyake. Akikuangalia kwa mshangao, achana nayo.

Utajuaje kwamba rimu ni ya alumini na si ya chuma iliyopakwa rangi? Beba sumaku. Sumaku ya spika ya redio mbovu inatosha. Ikinasa kwenye rimu, hicho ni chuma. Ikianguka, hiyo ni alumini. Pima magurudumu yote mawili, kwa sababu baiskeli za mitumba huwa zimebadilishwa vitu vingi njiani. Kisha simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele na uisukume kwa mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Bana ya nyuma uisukume tena. Gurudumu linapaswa kukokotwa bila kuzunguka. Ikiwa mkono wa breki unafika mpaka kwenye usukani kabla baiskeli haijasimama, mwambie mwuzaji airekebishe ukiwa papo hapo, si kesho. Hatimaye mwombe maji kikombe kimoja, uimwagie rimu, urudie jaribio hilo. Atakuona mtu wa ajabu, na hilo halikudhuru.

Sasa tuje kwenye gia, kwa kuwa vijana hawatanisamehe nikizipuuza. Ishirini na moja ni hesabu ya tatu mbele mara saba nyuma, na nyingi kati yake zinafanana. Jambo la maana ni gia nyepesi kabisa. Black Mamba isiyo na gia huzungusha gurudumu zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa pedali, na ndiyo sababu inashinda mapaja ya watu. Ukipata baiskeli yenye meno 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali utazungusha gurudumu mara moja tu, na milima mingi ya Kericho utaipanda umeketi. Magoti yatakushukuru. Zilizobaki ni za kujivunia mbele ya wenzako.

Kuhusu zile baiskeli zenye springi mbele na nyuma, ninasema wazi kuwa sizipendi. Springi za mitumba mara nyingi zimeshikwa na kutu, zinaongeza uzito, na pesa zilizotumika kuziunda zilitolewa kwenye breki. Tairi pana hufanya kazi hiyo hiyo ya kupunguza mtikiso, na tairi haiharibiki kimya kimya. Chagua tairi za inchi 26 zenye upana wa karibu inchi mbili, na madigadi yaliyoachana nazo vya kutosha, maana yakikaribiana sana ule udongo mwekundu hujazana katikati na gurudumu hukataa kuzunguka. Bila madigadi, mwanafunzi ataingia darasani na mstari wa matope kutoka kiunoni hadi kisogoni.

Kisha kuna kimo, jambo ambalo wauzaji hawalizungumzii kwa sababu wana baiskeli moja na wanunuzi kumi. Keti kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukibaki umekunjika, kiti kiko chini mno, na magoti yataanza kuuma mbele kabla ya mwisho wa muhula. Ukilazimika kuyumbisha nyonga ili ufike, kiti kiko juu mno. Wengi wanaolalamikia magoti kwa sababu ya baiskeli wangepona kwa kuinua kiti vidole vitatu. Na vitabu vikae kwenye keria, si mgongoni. Mgongo uliobeba mzigo huku umeinama utamwandama mwenye nao hata usiku kitandani.

Dada yangu alichukua simu kutoka kwa bintiye na kunong'ona lile ambalo akina mama wa kwetu hulinong'ona: je, kiti cha baiskeli hakitamharibu msichana? Nilimjibu kwamba hakitamzuia kuolewa wala kuzaa. Hofu hii si ya Ndanai peke yake. Katika miaka ya 1890 baadhi ya madaktari wa Ulaya na Marekani waliwaonya wanawake kwamba baiskeli ingewaharibu sura za uso. Wanawake wakaendelea kuendesha, na sura zikabaki zilivyokuwa. Kile anachohitaji binti ni kiti kipana kiasi kisichoinamia mbele wala nyuma, na kama anavaa sketi, fremu ya kike isiyo na chuma cha juu pamoja na kinga ya mnyororo. Akihisi ganzi, aketi vingine au arekebishe kiti, wala asivumilie.

Faida ya kiafya sina haja ya kuirefusha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani kati ya dakika 150 na 300 kila juma. Robo saa ya baiskeli kwenda chuoni na robo saa kurudi, siku tano, ni dakika 150 kamili, bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha katika jarida la BMJ matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 260,000 nchini Uingereza. Waliokuwa wakienda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa takriban asilimia 41 kuliko waliosafiri kwa gari au basi. Huenda baadhi yao walikuwa watu wenye afya tangu mwanzo, ingawa watafiti walijitahidi kuliweka hilo katika hesabu. Ukiona jinsi shinikizo la damu na kisukari yanavyoingia katika familia zetu, tena kwa watu ambao wazazi wao walitembea kwa miguu kutwa, utaona kwamba jambo hili si la mchezo.

Lakini faida hiyo ni ya mtu aliyefika chini ya mteremko akiwa mzima. Ndiyo maana siiweki kofia ngumu katika orodha ya mapambo. Uchanganuzi wa watafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2016, uliojumlisha tafiti 40 na majeruhi zaidi ya 64,000 wa baiskeli, ulikuta uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ukiwa chini kwa karibu asilimia 70 miongoni mwa waliovaa kofia hizo. Iwe inakaza kichwani, kamba ikiwa imefungwa chini ya kidevu, na kama imewahi kuanguka na kupasuka isitumiwe tena. Mzazi anayeuza ng'ombe ili kulipa karo kisha akasema kofia ni ghali anafanya hesabu ambayo siielewi.

Ndani ya chuo kwenyewe hatari ni nyingine. Wanafunzi hutembea wanne wanne wakiangalia simu, wala hawaisikii baiskeli ikija. Kengele hugharimu pesa kidogo. Taa ni lazima pia, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kwa maana saa moja ya jioni ni giza na kuna mihadhara inayomalizika saa hiyo. Kufuli ipite kwenye fremu na kwenye nguzo, isipite kwenye gurudumu pekee, la sivyo utarudi ukute gurudumu limekusubiri peke yake. Wakuu wa vyuo vyetu nao wangefanya vyema kuwajengea wanafunzi vibanda vya kuegesha baiskeli. Vyuo vingi vina maegesho ya lami kwa magari ya wafanyakazi, ilhali mwanafunzi mwenye baiskeli huifungia kwenye mti.

Jumamosi mpwa wangu alikwenda kuitazama tena ile baiskeli nyekundu. Sumaku aliitoa kwenye redio ya zamani ya babake, bila ruhusa, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye na dada yangu kwa sauti ya juu. Gurudumu la mbele liliikataa. La nyuma liliinasa kwa nguvu hata akalazimika kuibandua kwa mikono miwili. Mtu fulani alikuwa amebadilisha rimu hiyo na kutia ya chuma, akaipaka rangi ifanane na nyingine. Mwuzaji alicheka, kisha akapunguza bei.

"Nimemwambia aweke rimu ya alumini ndipo nirudi," binti akaniambia kwenye simu.

"Akikataa?"

"Kuna nyingine, Mama. Ya kijani. Haina gia nyingi."

Nikamwomba atakapokwenda aende asubuhi, akiwa na fundi na kikombe cha maji.